Beta na chura kibete katika tangi moja: hatari si ugomvi, ni njaa

Anayetaka kuweka samaki beta na vyura vibete, vyura wadogo wa Afrika wasiotoka majini, katika tangi moja huuliza kwanza: hawatauana? Hofu hiyo ina chanzo. Thailand, ambako beta alitangazwa kuwa mnyama wa majini wa taifa mwaka 2019, madume wamepiganishwa kwa vizazi na vizazi, na wawili wakikutana kwenye maji finyu hupasuana mapezi. Kutoka hapo watu huruka moja kwa moja hadi kusema beta humvamia kila kiumbe, na hapo ndipo wanapopotoka. Kinachomchemsha dume ni dume mwenzake, au samaki mwenye rangi kali na mapezi marefu anayemfanania. Chura kibete ana rangi ya tope, hana mkia, na urefu wake ni sentimita tatu au nne tu. Beta wengi humkagua siku za mwanzo kisha wakamzoea. Wapo wakorofi wasiomzoea, nao dawa yao ni kutengwa. Mara nyingine mkosaji ni chura mwenyewe: haoni vizuri, na ncha ya pezi refu ikipita mbele ya pua yake huidaka akidhani ni mnyoo.

Ugomvi basi si wa kukukosesha usingizi. Njaa ndiyo.

Dhana ninayoiogopa kuliko zote ni ile ya kwamba chura atajilisha mabaki: mrushie beta chakula chake, kitakachozama ni cha chura. Beta huona chakula mara moja na kukiwahi. Chura kibete hana ulimi. Hula kwa kufungua kinywa ghafla na kufyonza maji pamoja na kilichomo, na kabla ya hapo lazima akitambue chakula kwa harufu na kwa mtikisiko wa maji. Weka mnyoo mwekundu karibu na pua yake umtazame. Anatulia. Anageuza kichwa, anauma maji matupu, anapapasa kwa mikono, anajaribu tena. Muda wote huo beta ameshashuka na kuondoka na mnyoo. Wiki zikipita beta anavimba tumbo na chura anakonda, na mwenye tangi hana habari kwa sababu chura hupenda kujificha kwenye mimea. Mwangalie kutoka juu: aliyeshiba ana kiwiliwili cha mviringo. Ukiona mifupa ya nyonga imechomoza na mbavu zimebonyea, huyo ana njaa ya siku nyingi.

Kumlisha ni kazi ya mikono. Mpe beta kwanza, juu ya maji, upande mmoja wa tangi. Akiwa bado anahangaika na chake, chukua bomba la sindano lililoondolewa sindano, vuta ndani yake minyoo myekundu ya barafu iliyokwisha kuyeyuka au viluwiluwi vya mbu, literemshe hadi chini, kisha sukuma taratibu mbele ya pua ya chura. Wengine hutumia kibano. Kisahani cha udongo kinachokaa mahali pale pale kila siku husaidia, kwani vyura hujifunza mlo wao uko wapi. Shida ni kwamba beta naye hujifunza, tena upesi zaidi. Hapo kifuu cha nazi kilichofunikwa juu ya kisahani, chenye mwanya wa kumtosha chura peke yake, huokoa mlo. Kama huna muda wa kukaa nao wakila, fuga aina moja tu. Nasema hivyo bila kupepesa, maana chura hawezi kukulilia njaa.

Wengine hudai kwamba kwa kuwa wote wawili hupumua hewa ya juu, hata bakuli la kioo lisilo na kichujio litatosha. Ni kweli beta ana kiungo maalumu kichwani, juu ya matamvua, kinachomwezesha kutumia hewa, na chura ana mapafu. Ndiyo maana tangi liachiwe nafasi ya hewa chini ya kifuniko, na lisiwe na kina kirefu mno, kwani chura hupanda juu kila mara kuvuta pumzi. Kifuniko chenyewe ni lazima: wote huruka, na chura akidondoka sakafuni hukauka haraka. Lakini hewa haisafishi maji. Kinyesi na mabaki ya chakula huzaa amonia, ambayo huunguza matamvua ya beta na kupenya ngozi ya chura. Bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, huchukua wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi sita, kujijenga ndani ya kichujio kipya, na wanyama hawapaswi kuingizwa kabla ya hapo. Majaruba ya mpunga anamoishi beta kwao yana kina kifupi, lakini upana wake haulingani na bakuli. Kwa beta mmoja na vyura wawili au watatu, anzia lita 40, na utumie kichujio cha sponji, maana wote huchoshwa na mkondo mkali.

Joto haliwagombanishi, ingawa mmoja ni wa Asia na mwingine ni wa misitu ya Nigeria, Kamerun na bonde la Kongo. Nyuzi 24 hadi 27 huwafaa wote. Dar es Salaam joto hilo unalipata bila gharama. Nairobi mwezi wa Julai, nunua hita.

Kosa jingine hutokea dukani. Chura mdogo si lazima awe kibete. Watoto wa Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika anayetumika sana maabarani, huuzwa kwa jina hilo hilo, kumbe wakikua hupita sentimita 10 na kummeza beta. Tazama mikono: kibete ana utando kati ya vidole vya mikono na vya miguu, Xenopus ana utando miguuni tu. Chura mweupe anayeuzwa kama kibete, kwa kawaida si kibete.

Chumvi na dawa za shaba zinazotumiwa kutibu samaki humdhuru chura; beta akiugua, mtibu kwenye chombo kingine. Na ukimkuta chura akielea juu ya maji, miguu imetawanyika, hajongei, usikimbilie kumtupa. Hivyo ndivyo anavyopumzika. Gusa maji karibu naye, atazama mbio.

Watu hudhani pia kwamba kiumbe asiyetoka majini hawezi kuleta ugonjwa nyumbani. Kati ya 2008 na 2011 vyura hawa walisambaza salmonela, bakteria wanaoharisha watu, huko Marekani. Waliougua walikuwa zaidi ya 200 katika majimbo zaidi ya 40, wengi wao watoto, na chanzo kilifuatiliwa hadi kwa mzalishaji mmoja wa California. Nawa mikono kwa sabuni kila ukigusa maji ya tangi, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Mwishowe, chura uliyemchoka usimwachie mtoni kwa kudhani unamrudisha kwao. Vyura wa biashara hii wameshakutwa na kuvu aina ya kitridi, ile ile iliyopatikana kwa vyura wa maporomoko ya Kihansi, Tanzania, waliotangazwa mwaka 2009 kuwa wametoweka porini baada ya bwawa kupunguza maji yao na ugonjwa kuwapukutisha. Mpe mfugaji mwingine au mrudishe dukani, na maji ya tangi yamwage chooni, si kwenye mfereji unaoelekea mtoni.