Kibodi ya mekanika yenye taa: maana yake, na kwa nini uanze kuchagua vifuniko

Kibodi ya mekanika ni ile ambayo kila kitufe kina swichi yake peke yake. Yani ukingoa kifuniko cha herufi A chini yake utakuta kidude cha plastiki chenye springi na vibati viwili vidogo vinavyogusana ukibonyeza, ukingoa cha S utakuta kingine hivohivo, mpaka mwisho wa kibodi. Zile za kawaida za ofisini haziko hivyo, zile chini zina shuka moja ya mpira yenye vinundu, imetandikwa kibodi nzima, ikichoka upande mmoja basi yote kwaheri. Hii ya mekanika swichi moja ikifa unabadilisha hiyo moja na kazi inaendelea.

Ukisikia mtu anasema anaunda ya kwake, maana yake ananunua vipande mbalimbali na kuvikusanya mwenyewe: kasha, bodi ya saketi, bamba la kushikilia swichi, swichi zenyewe, stebilaiza za kusawazisha vitufe virefu kama speisi na enta, na vifuniko vya juu vyenye herufi. Ikiwa na taa ndo kila swichi inakuwa na kitaa cha LED chini yake kwenye bodi.

Nimeona niandike mana hapa Lamu vijana wanaofanya kazi za kuandika usiku wanazidi, wengine wanatafsiri, wengine wanajaza kazi za mtandaoni, na wengi wanaulizia hii kibodi ya taa wakidhani taa ni kitu unachonunua kikaja kimekamilika. Sivyo. Mwanga una njia yake: unatoka kwenye LED, unapita ndani ya swichi, alafu unatokea kwenye kifuniko, na sehemu moja tu ikiziba basi umelipia taa usizoziona. Ni sawa na kandili yenye chimni iliyojaa masizi, utambi uwe mzuri vipi chumba kitabaki giza.

Kwa hiyo mimi nasema anza mwisho wa njia, kwenye kifuniko.

Vifuniko viko vya plastiki aina mbili kuu, ABS na PBT. ABS ni laini kidogo na baada ya muda inang'aa kama imepakwa mafuta pale vidole vinapogusa sana, PBT inakaa na ukavu wake muda mrefu zaidi. Watu wakisikia hivo wanakimbilia PBT yoyote, na hapo ndo wengi wanapopotea, kwa sababu PBT nyingi nzuri za rangirangi herufi zake zimechapwa kwa wino ulioingia ndani ya plastiki, na plastiki yenyewe ni nzito, mwanga haupiti hata kidogo. Utaona mng'ao unatoka pembeni kati ya vitufe, unapendeza kwenye picha, lakini herufi yenyewe giza totoro. Kama unataka kusoma herufi stima ikikatika, tafuta vifuniko ambavyo herufi yenyewe ni plastiki nyingine angavu iliyomiminwa pamoja na ile nyeusi, hiyo haifutiki mana imepita mpaka chini. Ziko za ABS na ziko za PBT pia. Ziko na zile za bei rahisi zilizopakwa rangi nyeusi juu ya plastiki nyeupe alafu herufi ikachongwa kwa leza, mwanzo zinawaka vizuri sana, baadaye rangi inaanza kubanduka kwenye A na kwenye speisi, na kwa Kiswahili chetu A inapigwa kila saa, hiyo haitakaa. Mimi siwezi kumshauri mtu azichukue.

Ya pili ni upande ambao LED imekaa. Kila swichi ina kidirisha upande mmoja cha kupitisha mwanga. Kuna bodi ambazo kidirisha kinaelekea kwenye skrini, na kuna ambazo kinaelekea kwako wewe unayeandika. Sasa shika kifuniko kimoja ukiangalie vizuri, herufi iko nusu ya juu, upande wa skrini. Maana yake LED ikiwa upande wa skrini iko chini ya herufi kabisa na inawaka sawasawa, ikiwa upande wako nusu ya chini ndo inapata mwanga na herufi inafifia. Basi mbona bodi nyingi za watu wanaojenga wenyewe LED iko upande wa mtu? Ni kwa sababu ya vifuniko vifupi vya umbo linaloitwa Cherry: swichi ikigeuzwa upande wa skrini, kuna vifuniko hasa vya safu ya A S D vinavyogonga ukingo wa swichi kabla havijafika chini, na unasikia mlio tofauti na mguso tofauti kwenye safu hiyo. Kwa hiyo hapo lazima uchague. Anayetaka kusoma herufi gizani achukue bodi ya LED upande wa skrini na vifuniko virefu kidogo, anayependa vifuniko vya Cherry achukue ya upande wake na akubali taa iwe ya urembo. Kutaka vyote viwili ndo mwanzo wa pesa kupotea.

Swichi sasa. Umbo linalotumika karibu kote ni lile lililoanzishwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani miaka ya 1980, lile la msalaba mdogo katikati, na ndo mana vifuniko vya kampuni moja vinaingia kwenye swichi za nyingine. Kwa mtindo wa Cherry swichi zinatajwa kwa rangi: nyekundu inashuka moja kwa moja bila kikwazo, kahawia ina kinundu kidogo unachokisikia kwenye kidole, buluu ina kinundu na inalia tiki. Mwendo wote ni milimita 4, na kwa hizo nyekundu na kahawia herufi inaandikika ikifika 2. Nyumba zetu za mji wa kale kuta nene lakini vyumba vimefuatana na milango ni pazia, ukinunua buluu na watu wamelala utasikia maneno kabla ya alfajiri. Kwa upande wa taa angalia kitu kimoja tu, sehemu ya juu ya swichi iwe ya plastiki angavu. Ikiwa nyeusi tupu mwanga unapita kwenye kidirisha peke yake na unapungua.

Umeme nao. LED za RGB, yani za kubadilisha rangi, za aina ya WS2812B zikiwaka nyeupe kamili moja inaweza kula karibu miliampia 60, na kibodi ndogo ina vitufe 61, piga hesabu uone, wakati USB 2.0 ya kawaida inatoa 500 tu. Ndo mana programu ya ndani ya bodi inapunguza mwanga yenyewe, na ndo mana nyeupe haiwi kali kama ulivyoona kwenye tangazo. Rangi moja kama nyekundu inakula umeme mdogo kuliko nyeupe. Ya bila waya ukiwasha taa, chaji ya wiki inakuwa ya siku chache.

Hewa yetu ya chumvi nayo usiidharau. Bamba la shaba linafubaa haraka, aluminiamu iliyotiwa rangi kiwandani inavumilia zaidi, na kasha lisiachwe dirishani kaskazi ikivuma, funika na kitambaa.

Kabla hujalipa hakikisha na saizi za vitufe, hasa shift ya kulia. Kibodi ya kawaida ya Kimarekani ina ya 2.75, yani upana wa kitufe cha herufi mara 2.75, hizi fupi zinazoitwa za asilimia 65 zinataka 1.75, na seti nyingi za bei ndogo hazina. Mzigo ukishapita Mombasa ukavuka Mokowe kwa boti, kurudisha ni shughuli.

Bodi ukiweza chukua ya kuchomeka swichi bila kuchomelea risasi. Ikifika iunganishe kwenye kompyuta kwanza kabla hujachomeka chochote, uone LED zote zinawaka na rangi ni moja. Alafu ukichomeka swichi weka kidole nyuma ya bodi pale pale unaposukuma, na ishuke wima, mana zile pini mbili ni nyembamba na zinajikunja bila wewe kusikia. Kitufe kikikataa kuandika usidhani bodi imekufa, ngoa swichi, igeuze uangalie pini, inyooshe taratibu kwa kibano, uirudishe.