Msimbazi si Ruvu: kwa nini hatuwezi kunywa mafuriko ya Jangwani

Kila masika video ni ileile. Jangwani, bonde la Mto Msimbazi katikati ya Dar es Salaam, pamejaa, Barabara ya Morogoro imefungwa, mabasi ya mwendokasi yamesimama, na aliyeshika simu analalamika: maji yote haya yanakwenda baharini bure, halafu kwangu bomba limekauka tangu juzi! Wachangiaji wanaitikia kwa pamoja: jengeni bwawa Msimbazi, tuachane na habari za Ruvu, mto wa mbali unaolisha mabomba ya mji. Wiki hii nimeletewa tena, safari hii na mtu aliyesoma sayansi hadi chuo kikuu. Kazi yangu ni maji ya mji huu, na uvumilivu wangu kwa hoja hii umefika ukingoni, kwa hiyo naandika mara moja ili atakayeniuliza tena nimtumie kiungo.

Nianze kwa kumtendea haki mwenye hoja, maana hesabu yake kwa karatasi inavutia. Bonde zima la Msimbazi, kuanzia vilima vya Pugu hadi Daraja la Salender, halifiki kilomita za mraba 300. Tuchukue 280. Ikinyesha milimita 50 bonde zima, umepata mita za ujazo milioni 14. Tuseme nusu imezama ardhini au imebaki kwenye madimbwi. Iliyobaki ni lita bilioni 7. Mitambo miwili ya Mto Ruvu ikizalisha kwa uwezo wake wote, Ruvu Juu inatoa lita milioni 196 kwa siku, Ruvu Chini milioni 270, jumla milioni 466. Gawanya. Mvua moja ya Aprili imekupa maji ya siku 15 kwa mji mzima. Watu wakifika hapo wanaona ushindi, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Utayaweka wapi? Bwawa lenye wastani wa kina cha mita 3 linahitaji zaidi ya hekta 230 ili kubeba maji hayo. Bonde la chini ni la tambarare: Kigogo, Mkwajuni, Hananasif, Jangwani. Ukijenga ukuta hapo, maji hayapandi juu, yanatanuka pembeni, na pembeni ni vitanda vya watu. Halafu uko hatua chache kutoka baharini. Siku za bamvua, bahari ikijaa, maji ya chumvi yanapanda kupitia mikoko ya Salender na kuukuta mto njiani. Mvua kubwa ikiangukia saa hizo, mto unakosa pa kutokea, na ndiyo sababu mvua za kiasi kilekile zinaweza kuzamisha Jangwani leo na kuiacha salama wiki ijayo.

Mwingine atasema basi tujenge juu, kule karibu na Pugu. Sawa, lakini huko juu unakinga sehemu ndogo tu ya bonde. Maji yanayoizamisha Jangwani yanatoka pia kwenye mabati na lami za Tabata, Ubungo na Sinza, nayo yanaingia chini ya bwawa lako.

Sasa jambo linalonikera kuliko yote, na nitakaa hapa. Watu wanadhani bwawa ni bwawa, kwamba lilelile litazuia mafuriko na kutunywesha kiangazi. Bwawa la kuzuia mafuriko linatakiwa likae tupu, ili wingu likipasuka liwe na nafasi ya kupokea. Bwawa la maji ya kunywa linatakiwa likae limejaa, ili mvua zikichelewa liwe na cha kutoa. Mabwawa makubwa yanaweza kufanya yote mawili kwa sababu yana ukubwa wa kutosha kugawana: sehemu ya chini ya akiba, sehemu ya juu ya kupokea. Kwenye mto mfupi wa mjini hakuna nafasi hiyo. Mvua inanyesha Ukonga asubuhi, mchana Jangwani wanahamisha magodoro. Ukilijaza Machi ili unywe Agosti, dhoruba ya Aprili inalikuta limejaa, na kuanzia hapo halizuii chochote. Ukiliacha tupu kwa ajili ya dhoruba, masika yakiisha huna maji. Mwendeshaji wa bwawa hilo angekuwa analaumiwa miezi yote ya mwaka, na miezi yote lawama ingekuwa ya haki.

Nenda mbele zaidi. Maji ya mafuriko si wingi wa maji tu, ni maji yaliyobeba kitu. Msimbazi unateremsha mchanga kwa wingi, na pale mwendo unapopungua, mchanga unatua. Bwawa linapunguza mwendo, kwa hiyo bwawa lingekuwa mahali pa mchanga kutua. Isitoshe, mto unapita kandokando ya machinjio na mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, na viwanda vya njia ya Pugu viko jirani. Watafiti wamekuwa wakipima mchicha unaolimwa kwenye kingo zake na kukuta madini kama risasi na kromiamu. Na kuna lile tunaloliona sote na kulinyamazia: mvua ikianza usiku, vyoo vinatapishwa. Mtu anatoboa shimo au anafungua bomba lililotegeshwa, na uchafu wa mwaka mzima unaondoka na mkondo. Simlaumu kirahisi mpangaji ambaye gari la kunyonya haliwezi kufika kwake. Ila hayo ndiyo maji mnayotaka tuyavune.

"Si mtambo utasafisha?" Mtambo unasafisha vizuri vitu fulani. Twende maabara ya mtambo wowote wa maji ya mto. Mezani kuna bilauri kubwa sita, zote zimejazwa maji yaleyale ya mtoni, rangi ya chai ya maziwa. Kila moja inatiwa kipimo tofauti cha shabu. Vijiti vinakoroga kwa kasi, kisha polepole. Baada ya dakika kadhaa, kwenye bilauri moja au mbili utaona tope limeanza kushikana na kuwa kama nyuzi za pamba, nyuzi zinazama, na juu panabaki maji unayoweza kusoma gazeti kupitia kwake. Kipimo cha bilauri hiyo ndicho mtambo utakachotumia siku hiyo. Shabu ikipungua tope halishiki, ikizidi vilevile halishiki, na mto ukibadilika jioni unaanza upya. Tope, shabu inaliweza. Vijidudu, klorini inaviweza, maadamu tope limetoka kwanza. Lakini sabuni, mafuta ya gereji na kemikali za viwandani vilivyoyeyuka havizami na nyuzi hizo. Kuvitoa kunahitaji teknolojia nyingine na umeme mwingi, na bili ingekuja kwako.

Bilauri hizo ndizo pia jibu la swali la kwanza: kwa nini bomba likauke wakati mvua inanyesha. Mvua kubwa ikipiga milima ya Uluguru, Ruvu unashuka na tope. Tope likizidi, matangi ya kutuliza yanalemewa na machujio yanaziba mapema, yanahitaji kuoshwa mara kwa mara, na mtambo unalazimika kupunguza kasi au kusimama. Mto umejaa na uzalishaji umeshuka, vyote kwa sababu moja. Ongeza umeme unaokatika na mabomba yanayosombwa kwenye makorongo, na bomba lako halina la ajabu.

Historia ya mji huu ingetosha kumaliza ubishi, kama watu wangeisoma. Dar es Salaam ya mwanzo iliishi kwa visima. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ukajengwa mtambo wa Mtoni, kwenye Mto Kizinga. Mwaka 1959 ukaja Ruvu Juu, kule Mlandizi, kilomita 60 hivi kutoka mjini, na katikati ya miaka ya 1970 Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Angalieni mpangilio huo. Msimbazi ulikuwapo muda wote, katikati ya mji, bila viwanda na msongamano wa leo. Waliopanga waliuruka, wakaenda kutandika mabomba ya makumi ya kilomita. Kwangu sababu iko wazi: Msimbazi hata ulipokuwa safi ulikuwa na maji mengi kwa saa chache na machache kwa miezi. Mji haunywi wastani wa mwaka, unanywa kilichopo siku ya leo.

Na Kizinga je, si mto mdogo wa mjini? Ni kweli, na Mtoni bado unazalisha, takribani lita milioni 9 kwa siku. Linganisha na zile milioni 466 za Ruvu. Ni msaada kwa mitaa ya upande wa Temeke, na ni kielelezo cha kiasi unachoweza kutegemea kutoka kwenye mto wa aina hii.

Hata Ruvu haujatutosha. Vuli ya 2021 iliposuasua, mto ulishuka tukaingia kwenye mgao, na mwaka 2022 ikawa vilevile. Ndiyo maana ya Kidunda, mkoani Morogoro: bwawa la mita za ujazo milioni 190, ambalo halileti bomba Dar, bali litaachia maji kiangazi yateremke kwa mto uleule hadi kwenye mitambo iliyopo. Naliunga mkono, ila tope la Uluguru linanitia wasiwasi kuliko ripoti zinavyokiri. Mashamba yakiendelea kupanda milimani, bwawa litazeeka kabla ya umri wake.

Nina mashaka pia na mambo tunayoyaimba kuhusu Msimbazi. Msitu wa Pugu ulindwe kwa nguvu zote, lakini sijashawishika kwamba miti peke yake ingezuia mafuriko kama ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40. Ardhi ikishalowa, msitu nao unamwaga. Kuchimba mchanga Jangwani kunasaidia, kisha masika yanayofuata mchanga unarudi. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, unapanua njia na kuinua daraja ili maji yatoke haraka. Ni kinyume kabisa cha bwawa, na ndiyo fikra sahihi.

Mnaotaka kuvuna, vuneni kabla maji hayajagusa ardhi. Paa la mita za mraba 100, mwezi wa Aprili wenye milimita 250, linakupa lita 25,000. Toa zinazopotea, zinabaki kama 20,000. Tangi la lita 5,000 linaifikisha familia ya watu watano siku 25, kila mtu lita 40. Mvua ya kwanza iacheni ioshe vumbi na vinyesi vya ndege, ndipo muunganishe mfereji na tangi. Ya kunywa mchemshe.