Demokrasia Haikuanza na Sanduku la Kura

Kwenye baraza la Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, baina ya kikombe cha kahawa na mchezo wa dhumna, husikika hoja kwamba demokrasia ni uchaguzi, na kwamba siku uchaguzi utakapoachwa hakitabaki ila usultani au utawala wa jeshi. Hoja hiyo ni kongwe kuliko uchaguzi wetu wa kwanza wa Julai 1957, lakini historia haiiungi mkono.

Katika Athens ya kale, Baraza la watu 500 lilipatikana kwa bahati nasibu, watu 50 kutoka kila kabila, na kura ziliachiwa vyeo vichache, kama vya majemadari. Ili kupata waamuzi wa mahakama, vibao vyenye majina vilichomekwa kwenye matundu ya jiwe, kisha vijipira vyeupe na vyeusi vikaamua safu ipi iingie kazini na ipi irudi nyumbani. (Wanawake na watumwa, tusisahau, hawakuhesabiwa.)

Ireland iliirejea njia hiyo mwaka 2016: raia 99 waliopatikana kwa bahati nasibu, bila kupigiwa kura, walijadili sheria ya utoaji mimba, na pendekezo lao likaishia kwenye kura ya maoni ya 2018, ambayo wananchi waliipitisha.