Kwa nini ndege aliyekwisha kaushwa alihitaji kuchorwa?

Je, wajua kwamba Sir Ashton Lever, tajiri wa Kiingereza aliyefungua jumba lake la makumbusho katika Leicester Square, London, mwaka 1775, alikuwa na ndege wengi waliokaushwa kutoka pembe mbalimbali za dunia, na bado alimpa kazi binti mmoja, Sarah Stone, awachore kwa rangi za maji?

Sababu kubwa ni kwamba ndege wa aina hiyo hakudumu. Ngozi iliyosafiri miezi mingi melini ilifika ikiwa imekunjamana, na hata ikishajazwa na kusimamishwa kabatini, wadudu waliitafuna mpaka manyoya yakapukutika. Mfamasia wa mji wa Metz, Ufaransa, Jean-Baptiste Bécoeur, alikuwa amebuni sabuni ya arseniki ya kuwazuia, lakini hakuitangaza hadi alipofariki mwaka 1777. Karatasi iliyofungiwa mbali na mwanga ilikuwa salama zaidi.

Rangi hizo za maji zilikuwa unga laini uliochanganywa na gundi ya mgunga, na mchoraji alizipaka nyembamba, tabaka juu ya tabaka, weupe wa karatasi ukipenya chini yake. Ndipo bawa la kasuku likang'aa. Baba yake Sarah alikuwa mchoraji wa vipepeo vya mkononi, vile vya kujipepea, kwa hiyo mkono wa binti huyo ulikwisha zoea kazi ndogondogo. Kilichomshinda ni kile ambacho kifo hukifuta mapema, yaani rangi ya macho, ya miguu na ya ngozi isiyo na manyoya. Hapo, kwa maoni yangu, picha zake hazina budi kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa wengi wa ndege hao hakupata kuwaona wakiwa hai.

Mkusanyo wa Lever ulitawanyika mwaka 1806 katika mnada uliochukua siku 65, na vitu vingi havijulikani vilikoishia. Miongoni mwa ndege waliochorwa na Sarah ni yule mweupe wa kisiwa cha Lord Howe, mashariki ya Australia, jamaa ya kukuziwa, ambaye picha yake ilichapishwa mwaka 1790. Ndege huyo ametoweka duniani, na ngozi zake zilizobaki ni mbili tu, moja Liverpool na nyingine Vienna. Hii ya Vienna ilinunuliwa katika mnada huohuo.