"Pafu limesinyaa": muulize daktari ni lipi kati ya mawili

Ndugu wakitoka wodini hupigiana simu: "Daktari kasema pafu limesinyaa." Ni kweli, ila kauli hiyo inabeba hali mbili zisizofanana, na tiba ya moja si tiba ya nyingine.

Ya kwanza ni numothoraksi. Hewa huingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, mahali penye majimaji kidogo tu ya kulainisha, ikalibana pafu kutoka nje. Humpata dereva wa bodaboda aliyevunjika ubavu, mgonjwa ambaye kifua kikuu kimemharibu mapafu, hata kijana mrefu mwembamba, hasa mvuta sigara, aliyekuwa amejikalia tu. Kifua humchoma ghafla upande mmoja, pumzi ikakatika.

Ya pili ni atelektasisi. Hapa njia ya hewa imeziba, kwa makohozi mazito baada ya upasuaji, kwa uvimbe, au kwa punje ya karanga iliyompalia mtoto. Hewa iliyobaki ndani hunyonywa na damu, na sehemu hiyo ya pafu hunywea.

Vidole vyetu sisi madaktari huanza kuzitenganisha kabla ya mashine. Kifua chenye numothoraksi ukikigonga kinalia kama ngoma. Penye atelektasisi mlio ni mzito, kama umegonga gunia la unga. Kwenye picha ya eksirei, numothoraksi huonekana kama weusi usio na mishipa, nje ya ukingo mwembamba wa pafu. Atelektasisi huleta weupe, na ikiwa kubwa huuvuta mrija mkuu wa hewa (trakea) upande wake.

Inayotutia hofu zaidi ni numothoraksi ya mgandamizo. Kila pumzi huongeza hewa isiyopata pa kutokea. Moyo hubanwa, shinikizo la damu hushuka, na mrija mkuu wa hewa huweza kusukumwa upande wa pili. Hapo hatungoji eksirei. Tunachoma sindano kifuani hewa itoke, kisha tunaweka mpira unaoishia kwenye chupa yenye maji.

Chupa hiyo huwatisha sana ndugu. Nimemkuta mama ameukunja mpira na kuushika kwa nguvu ili mapovu yakome, akidhani pumzi ya mwanawe inamwagika. Mapovu yale ndiyo hewa iliyokuwa inalibana pafu. Yaacheni yatoke, msiukunje mpira, na chupa ibaki sakafuni, chini ya kifua cha mgonjwa.