Folsom ilianza kubomolewa kabla ya ukimwi

Jana tena. Tuko kwenye semina ya wapangaji miji, kijana mmoja kasimama kasema mtaa wa Folsom kule San Francisco, ule wa baa za mashoga, ulikufa kwa ukimwi, na ukumbi mzima ukaitikia. Miaka yote nasikia hii, nimechoka kunyamaza, hebu tuangalie tarehe.

Folsom iko eneo la South of Market, zamani maghala, karakana na gesti za bei chee walizoishi mabaharia wazee na makuli wa bandari. Jioni karakana zikifungwa mtaa unabaki mtupu, kodi ndogo, hakuna jirani wa kulalamikia mziki. Hapo ndipo baa za mashoga, hasa wale wa mavazi ya ngozi na pikipiki, zikapata nafasi. Tool Box ilifunguliwa 1962, na 1964 jarida la Life likachapa picha ya mchoro wake wa ukutani, Marekani nzima ikaona. 1966 zikaja Febe's na The Stud, halafu nyingine nyingi.

Sasa hapa ndipo watu huruka. Mamlaka ya uendelezaji ya jiji ililitolea macho eneo hili tangu miaka ya 1950, ikaliita limechakaa, na kwenye kazi yetu jamani neno hilo ukiliona kwenye makaratasi jua tingatinga limeshaagizwa. Waliolichelewesha ni wale wazee wa gesti, walianzisha chama chao cha TOOR, cha wapangaji na wenye nyumba wanaopinga ubomoaji, 1969, wakaenda mahakamani, wakaibana mamlaka mpaka ikakubali kujenga nyumba za bei nafuu, na kesi zikiendelea miaka na miaka baa nazo zikapata muda wa kushamiri. Wanaosimulia habari za baa karibu hawawataji kabisa wazee hawa na inaniuma sana. Tool Box yenyewe ilifungwa 1971 na jengo likaja kubomolewa. Ukumbi wa mikutano wa Moscone, uliojengwa palipobomolewa na mamlaka, ukafunguliwa 1981. Julai mwaka huohuo moto mkubwa ukateketeza nyumba za vichochoro vya Folsom, na ripoti ya kwanza ya ugonjwa ule, wanaume watano wa Los Angeles, ilikuwa imetoka Juni. Mwezi mmoja tu kabla ya moto!

Ndiyo, ukimwi ukaja, ukaua vibaya sana, na Oktoba 1984 mkurugenzi wa afya wa jiji akaamuru nyumba za sauna, walikokutania mashoga, zifungwe. Ila Septemba ya mwaka huohuo Kathleen Connell na Michael Valerio, watu wa harakati za makazi, walikuwa wameshaanzisha tamasha la mtaani kutetea eneo lisimezwe na ubomoaji. Ndilo hilo Folsom Street Fair.

Kuna kitu kinanisumbua lakini. Waliokufa ndio wangekuwa wenye baa, wateja wa kuzijaza siku za katikati ya wiki, watu wa kwenda kupiga kelele kwenye vikao vya jiji. Kwa hiyo ukinibana nigawe lawama kwa asilimia siwezi, na anayeweza simwamini. Ninachokataa ni kuusingizia ugonjwa uamuzi uliopigwa muhuri ofisini, maana ukishasema ukimwi basi hakuna mpangaji miji anayeulizwa kitu.

Na miaka ya 1990 ndio zikaja nyumba za kisasa za dari refu, watu wakahamia juu ya mtaa wa baa halafu wakaanza kupiga simu polisi eti kuna kelele usiku, na aliyeruhusu zijengwe pale si kirusi, ni idara ya mipango miji.