Mtoto kuchelewa kutembea sio kubemendwa jamani

Wiki hii tena kaja mama na mtoto wa miezi 15, anashika kochi anazunguka sebule nzima, dede anasimama kidogo, mtoto mzima kabisa, ila huko kwao Mbagala mawifi washaamua kabemendwa, yaani eti kadhurika kwa sababu mama alilala na mwanaume huku ananyonyesha, na mume hata haongei nae. Mimi ni fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) wa watoto na hili jambo linaniuma sana.

Tendo la ndoa la wazazi haliingii kwenye miguu ya mtoto, wala kwenye maziwa. Nadhani wazee waliona kitu cha kweli wakakosea sababu: mama akishika mimba nyingine mapema, mkubwa anaachishwa ziwa ghafla, anabaki na uji mtupu, anadhoofu, na mtoto mwenye utapiamlo kweli anachelewa kutembea. Sasa hapo tatizo ni chakula, sio nani kalala wapi.

Na kuchelewa kwenyewe mnakupima kwa mtoto wa jirani! Vipimo vya WHO (Shirika la Afya Duniani) vya 2006 vinaonyesha watoto wenye afya wanaanza kutembea wenyewe kuanzia miezi 8 na kidogo hadi 17 na nusu, kwahiyo wa jirani katembea na miezi 10 na wako ana 15, wote wako sawa. Wengine hata hawatambai, wanasota kwa makalio halafu siku moja wanainuka. Njiti wa miezi 7 mtolee ile miezi 2 kabla hujamhesabia. Na kigari cha magurudumu hakimfundishi kutembea, Kanada walikipiga marufuku 2004 kwa ajali zake.

Kuna watoto nawapima na bado siwezi kumwambia mama papo hapo kama huyu ni wa taratibu tu au kuna shida, namwambia arudi baada ya miezi 2 nione anavyosonga mbele.

Kinachonitoa machozi ni yule mwenye mtindio wa ubongo, kazungushwa kwenye dawa za kuogea mpaka ana miaka 3 analetwa viungo vishakaza, na nikiuliza mambo yanayoweza kuumiza ubongo, alilia alipozaliwa? alipata manjano makali? mama anasema hakulia, na hakuna aliyemuuliza hilo, wote walikuwa wanamuuliza alikuwa na nani. Kwahiyo akifika miezi 18 hatembei, au hajafikisha mwaka anatumia mkono mmoja tu, au amekakamaa, au amelegea kama kitambaa, au alikuwa anakaa kitako sasa hawezi tena, mlete na kadi yake ya kliniki wiki hiyohiyo.